Gari Jeusi Katika Vumbi Jekundu



Swali la juma hili limetujia kutoka Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau. Jamaa wana gari jeusi ambalo wanataka kuliuza kabla ya shule kufunguliwa, ili karo ipatikane. Likiwa kivulini linapendeza, lakini likitolewa juani boneti huonekana kana kwamba imetandwa na nyumba za buibui. Fundi mmoja amewaambia walipake rangi upya, kwa bei iliyowakosesha usingizi. Dalali naye amewashauri walisugue kwa nta nzito na kumleta mnunuzi wakati wa magharibi. Tunawaomba wasimsikilize yeyote kati ya hao wawili kabla ya kulijua hasa lililolipata gari lao.

Wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu ambao hawajapita njia hiyo wafahamu kwamba ukiiacha barabara kuu pale Maungu na kuelekea Kasigau, unaingia katika udongo ule ule unaowafanya ndovu wa Tsavo waitwe wekundu. Wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu, na ndani yake mmejaa chembe ndogo za mchanga wa kwatzi. Katika kipimo cha ugumu wa madini, ambapo talki ni 1 na almasi ni 10, ukucha wa mwanadamu hupata kama 2.5, kisu cha chuma hukaribia 5.5, na kwatzi ni 7. Chembe iwezayo kukwaruza kisu haiwezi kuihurumia rangi ya gari.

Na rangi yenyewe ni nyembamba kuliko wengi wetu tudhanivyo. Juu ya bati pana tabaka za msingi, kisha rangi, kisha vanishi angavu ambayo ndiyo ngao dhidi ya jua. Katika magari mengi vanishi hiyo ina unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani ni kama mikroni 70. Mikwaruzo tunayoizungumzia imo ndani ya vanishi hiyo, haijaifikia rangi. Wala haikuchorwa kwa duara. Imelala kila upande, ila ile tu iliyokingamana na mwanga ndiyo inayourudisha machoni, na kwa hivyo duara huonekana kulizunguka jua au taa popote unaposimama. Gari jeupe hukwaruzika vivyo hivyo, lakini weupe wake hulisitiri. Akina mama wanaovaa buibui jeusi hawahitaji kuelezwa zaidi kuhusu vumbi na weusi.

Sasa, nani aliyekwaruza? Kwa kawaida ni mkono unaosafisha. Gari limelala nje, asubuhi lina vumbi, mwenyewe anachukua leso kuukuu na kulipangusa kavukavu ili afike kazini akiwa nadhifu. Hapo ameisugua kwatzi juu ya vanishi kutoka kioo hadi taa. Watoto huandika majina yao kwa vidole juu ya vumbi la mlango, na maandishi hayo hubaki hata baada ya kuosha. Turubai la kufunikia gari, likipigwa na upepo huku chini yake mna mchanga, hufanya kazi ya msasa usiku kucha. Hata harusi zetu zina mchango wao: zile tepe za mapambo zinazopepea juu ya boneti kutoka nyumbani kwa bibi harusi hadi ukumbini huacha mistari ambayo bwana harusi huigundua fungate ikiisha. Na katika vituo vingi vya kuoshea magari barabarani kitambaa ni kimoja, ndoo ni moja, na kitambaa kikianguka chini huokotwa na kazi ikaendelea.

Atasema mtu: lakini Makwasinyi maji ni ya shida, mtawezaje kutuambia tuoshe kwa bomba? Hatusemi hivyo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudd moja, yaani maji ya kujaza viganja viwili vya mtu wa wastani, na akioga kwa saa moja, ambayo ni mudd nne, hadi mudd tano. Gari nalo laweza kuoshwa vyema kwa mitungi mitatu ya lita 20, ikitumiwa kwa utaratibu. Tafuteni pampu ya mkono ya kunyunyizia shambani, iwe mpya, isiyowahi kutiwa dawa ya wadudu. Tieni maji yenye shampuu kidogo ya magari, lisimamisheni gari kivulini, mlinyunyize lote na muache dakika chache vumbi lilegee na kutiririka. Halafu nyunyizeni tena. Mpaka hapo hamjagusa kitu, na sehemu kubwa ya mchanga imekwisha kuondoka.

Ndipo huja ndoo mbili: moja ya maji ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila baada ya kuosha sehemu moja. Kitambaa kiwe cha maikrofaiba au glavu ya manyoya ya kondoo, ambavyo huimeza chembe ndani badala ya kuiburura juu. Anzeni paa, mshuke. Sehemu za chini na magurudumu ziwe na kitambaa chake. Wakati wa kukausha, wekeni taulo na kulibonyeza, msisugue. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta, na dizeli ambayo baadhi ya vijana hupaka ili gari ling'ae hulibandika vumbi lijalo.

Ama mikwaruzo iliyokwisha kuingia, ipitisheni ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, jeraha ni la kina na polishi peke yake haitalitibu. Ukipita bila kukwama, huenda gari halihitaji rangi mpya hata kidogo. Linahitaji polishi yenye ukali mdogo, inayoisawazisha vanishi kwa kuiondoa mikroni chache. Mwambieni fundi ajaribu kwanza eneo la nusu mita kwa nusu mita, kwa polishi laini kuliko zote alizo nazo, na sponji safi. Matokeo yakitosha, asiende kwenye kali zaidi. Mashine inayozunguka na kuyumba kwa pamoja ni salama kuliko ile ya kuzunguka tu, ambayo katika mkono usio na uzoefu huunguza kingo na kuacha vivuli vipya. Kwa mkono inawezekana pia, lakini bega litalalamika. Gari likiwa na rangi iliyofifishwa makusudi kiwandani, lisipigwe polishi kabisa.

Kazi hiyo haiwezi kurudiwa kila Idi. Vanishi ikiisha, jua la Taita Taveta halina kizuizi, na paa huanza kupauka na kubambuka. Hapo ndipo maneno ya fundi wa rangi huwa kweli.

Tubaki na dalali. Nta nzito huijaza mikwaruzo kwa muda, kama maji yanavyoificha gari likilowa, na baada ya kuoshwa mara chache hujitokeza yote. Kupaka nta kulinda gari ni jambo jema. Kupaka nta na kumchagulia mnunuzi saa ya giza ni kuficha aibu ya bidhaa, na wasomaji wetu wanajua sheria yetu ya biashara inasema nini juu ya hilo. Jamaa wa Makwasinyi wapige polishi, au waache kama lilivyo na wamwoneshe mnunuzi boneti saa sita mchana, wakimweleza kwamba ni mikwaruzo ya vanishi na si kutu wala ajali. Mnunuzi naye asikubali kutazama gari jeusi likiwa limelowa, wala jioni, na aje na tochi.

Juma lijalo, inshaallah, tutajibu barua mbili kuhusu vioo vya mbele vilivyochorwa na waipa.