Tuchague Nyanya Zinazokaa

Ndugu zangu wa Baraka na Fizi, kila kiangazi nyanya hujaa sokoni kwa pamoja. Bei huanguka, na mama aliyeshuka milimani na kikapu huziuza kwa bei yoyote kabla hazijaoza. Mvua zikirudi Septemba, ukungu huunguza majani, barabara ya Uvira hugeuka tope, na nyumba nyingi hupika ndagala kwa nyanya ya kopo. Kwa nini tununue kopo, na udongo wa bonde la Mutambala tunao?

Wengi wetu hatuna friji, na nyanya yenyewe haipendi baridi kali. Humo hupoteza ladha. Dawa iko kwenye mbegu. Nyanya ya ngozi nene na nyama ngumu, kama Roma au Tengeru 97 ya kule Arusha, hustahimili kukaa kuliko zile laini zilizojaa maji. Huko Catalonia, Hispania, wakulima hufunga nyanya kwa uzi, wakazitundika ndani ya nyumba na kuzila miezi kadhaa baada ya kuvuna. Aina hizo zilipatikana kwa wakulima kuchagua mbegu, kizazi hadi kizazi. Hata sisi tunaweza.

Nawaomba tuanze kwenye parseli zetu. Chagua miche michache yenye afya, uitie alama. Chuma matunda yanapoanza tu kubadilika rangi, pamoja na vikonyo vyake, wala usiyaoshe. Yapange safu moja kivulini penye hewa, ya kila mche mahali pake, na uyakague kila asubuhi. Lililooza liondoe upesi. Mche ambao matunda yake yanabaki magumu wakati mengine yamelainika, huo ndio wa mbegu. Kamua mbegu, ziache katika maji yake siku 2 au 3 mpaka utelezi utoke, osha, kausha kivulini, tia kwenye chupa kavu. Ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, hivyo mtoto hufanana na mzazi. Mbegu za chotara haziko hivyo: uzao wake hutawanyika, msizitumie kwa kazi hii.

Kisha tugawane. Wa milimani awapelekee wa ziwani, wa ziwani wawakumbuke ndugu zetu Warundi walioko kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Mwenye mbegu nzuri asiifiche: ampe jirani kijiko kimoja kabla ya msimu ujao wa kusia.