Kiti Kitupu Hakimfai Mtu

Wapo watu wengi wanaodhani kwamba jumba la maonyesho katika mji mkubwa ni mahali pa matajiri. Mtumishi wa umma anayefika New York kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa, au mwalimu aliyekwenda huko masomoni, hupita Broadway, hutazama bei za tiketi, kisha hurudi chumbani akiamini kwamba mambo yale si ya mwenye mshahara wa kawaida. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa.

Kiti ambacho hakikuuzwa hadi pazia linafunguliwa hakiwezi kuwekwa akiba kiuzwe kesho. Ni hasara tupu. Kwa kulitambua hilo, mwaka 1973 kilifunguliwa katika Times Square kibanda cha TKTS, ambacho hadi leo huuza viti vilivyobaki kwa punguzo linaloweza kufika nusu ya bei. Mwenye mchezo hupata fedha, na mfanyakazi huuona mchezo. Aidha, tangu mwaka 1962, ukumbi wa wazi wa Delacorte ndani ya Central Park umekuwa ukionyesha michezo ya Shakespeare bila kiingilio wakati wa kiangazi. Ulipofunguliwa upya mwaka 2025 baada ya matengenezo, Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alikuwa jukwaani, na watu walipata tiketi za bure kwa kupanga foleni.

Hata hivyo, tiketi nafuu peke yake haitoshi. Kupanga ni kuchagua. Hoteli za Manhattan hushuka bei mwezi Januari na Februari, lakini majira hayo Delacorte haina mchezo. Anayelala Queens hulipa kidogo zaidi, na treni za chini ya ardhi hufanya kazi usiku kucha, hivyo hana hofu ya kukosa usafiri onyesho likiisha. Ni busara kuuliza jumla ya gharama ya chumba, maana kodi huongezwa juu ya bei iliyotangazwa. Vivyo hivyo mezani: kodi na bakshishi havimo katika bei ya chakula, na bakshishi hukaribia sehemu ya tano ya bili. Anayetembea hadi Ninth Avenue hupata migahawa mingi ambayo haikutegemea watalii wa Times Square. Onyesho la mchana siku ya Jumamosi humwachia jioni ya kula bila haraka.

Funzo la mambo hayo halikomei New York. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imesomwa na vizazi vya wanafunzi, na wengi wao hawakupata kuiona jukwaani. Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1981, na wasanii hawakosekani. Linalohitajika ni mpango: ratiba itangazwe mapema ili mwalimu wa mkoani apange safari na malazi, onyesho la mchana liwepo kwa ajili ya wanafunzi, na viti vilivyobaki viuzwe kwa bei ya chini badala ya kuachwa wazi.

Tamthilia iliandikwa ili ionekane. Kila kiti kinachobaki kitupu ni mwanafunzi mmoja aliyenyimwa somo lake.