Masisi na Walikale: Wastani peke yake hausemi ukweli wote wa shule

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yanapotangazwa, watu wa Kivu Kaskazini wanangojea namba moja: asilimia ya waliofaulu. Namba hiyo inasomwa redioni, inasifiwa ao inalaumiwa, kisha inasahauliwa. Lakini kwa wanafunzi wa Masisi na Walikale, ambao wamewekwa pamoja katika jimbo la elimu la Kivu Kaskazini 3, namba moja inaficha mengi.

Chombo cha kuyafichua kiko tayari katika somo la hesabu. Ni mchoro ambao walimu wanauita kwa Kifaransa boîte à moustaches, yaani sanduku lenye masharubu. Mmarekani John Tukey aliueneza katika miaka ya 1970. Mwanafunzi anayeukariri tu ili achague jibu moja siku ya mtihani anakosa faida yake kubwa.

Chukua mfano wa zoezi la ubaoni: shule mbili, wanafunzi saba kila moja, alama juu ya 100. Shule ya kwanza ina 46, 48, 49, 50, 51, 52 na 54. Ya pili ina 20, 30, 35, 50, 65, 70 na 80. Ukijumlisha na kugawanya kwa saba, wastani ni 50 pande zote mbili. Anayesoma wastani peke yake atasema shule hizo ni sawa.

Sasa mwanafunzi achore. Alama zikiwa zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa, ya nne ndiyo mediani: 50 kwa shule zote mbili. Kati ya alama tatu za chini, ya katikati ndiyo robo ya kwanza; kati ya tatu za juu, ya katikati ndiyo robo ya tatu. Juu ya mstari wa namba, sanduku linaanza kwenye robo ya kwanza na kuishia kwenye robo ya tatu, linakatwa kwenye mediani, na masharubu yanavutwa hadi alama ndogo na alama kubwa kabisa.

Sanduku la shule ya kwanza linatoka 48 hadi 52. La pili linatoka 30 hadi 70: upana wake ni mara kumi. Hapo inaonekana kwamba katika shule ya pili kuna watoto walioachwa nyuma sana.

Wengi wanakosea wakati wa kusoma mchoro huu. Wanadhani sehemu ndefu ina wanafunzi wengi. Sivyo. Kila sehemu kati ya zile nne inabeba karibu robo ya wanafunzi. Urefu unaonyesha tu jinsi alama zao zilivyotawanyika.

Jambo hili si la darasani tu. Mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Masisi-centre. Mwezi wa tatu, M23 iliingia Walikale-centre, kisha ikaondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Kuna watoto waliokimbia na kuacha madaftari nyumbani, na wengine ambao shule zao ziliendelea kufundisha. Kuwaweka wote katika asilimia moja ni kuwafuta wale walioumia zaidi.

Atakuwepo wa kuuliza: mchoro utajenga madarasa yaliyobomoka? Hapana. Lakini misaada inaenda pale ambapo shida imeonekana, na wastani hauonyeshi shida iko wapi. Ofisi za elimu zina alama za kila mtahiniwa. Zitangaze namba tano kwa kila wilaya, na hata kwa kila kituo cha mtihani: alama ndogo kabisa, robo ya kwanza, mediani, robo ya tatu na alama kubwa kabisa. Kazi hiyo haidai pesa nyingi, na jina la mtoto yeyote halitajwi. Waziri wa elimu, Raïssa Malu, aliyesomea fizikia, hahitaji kufafanuliwa faida yake.

Walimu nao wasingojee Kinshasa. Kesho wanaweza kufundisha mchoro huu kwa bei za maharagwe sokoni ao kwa dakika ambazo kila mwanafunzi anatembea kufika shuleni. Mtoto wa Masisi ao wa Walikale akijua kuusoma, siku matokeo ya wilaya yake yatakapotangazwa ataweza kuuliza waliobaki nyuma ni wangapi, na wako wapi.