Vijana wavuka bahari kutunza wazee wa Ujerumani huku nyanya zao wakisalia Kibera

Kwa miaka mingi wakazi wa mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi wamezoea kuwaona vijana wa kizungu wakipita vichochoroni wakiwa na mabegi mgongoni, wamekuja kujitolea kwa majuma kadhaa shuleni au katika makao ya watoto. Sasa safari hiyo ina upande wa pili. Vijana waliolelewa mitaa hiyo hiyo hukesha wakikariri vitenzi vya Kijerumani, wakitumaini kupata nafasi ya mwaka mmoja wa kujitolea katika nyumba za kutunzia wazee nchini Ujerumani.

Mpango wenyewe si wa siri wala si wa uwongo, ingawa matapeli wamejipenyeza humo kama wanavyojipenyeza palipo na neno viza. Ujerumani ina utaratibu wa kisheria wa mwaka wa hiari wa huduma za jamii kwa vijana wasiozidi umri wa miaka 27. Tangu Julai 2011, nchi hiyo iliposimamisha utumishi wa lazima jeshini, kuna pia huduma ya kitaifa ya kujitolea isiyo na kikomo cha umri. Kabla ya hapo, vijana waliokataa kubeba silaha ndio waliosukuma viti vya magurudumu na kuwalisha wakongwe. Walipoondoka, pengo lilibaki. Kufikia mwisho wa 2023, idadi ya watu waliohitaji utunzaji Ujerumani ilikuwa imefika takriban milioni 5.7.

Anayekubaliwa hulipiwa bima ya afya, kwa kawaida hupewa malazi na chakula au fedha za kuvigharimia, na hutiwa mkononi posho ndogo kila mwezi. Huo si mshahara. Hata hivyo, kwa kijana wa Laini Saba au Gatwekera aliyemaliza kidato cha nne na kuishia kusubiri vibarua vya mjengo, posho hiyo ni fedha ambazo hajawahi kuzishika kwa mpigo.

Hapa ndipo neno "kujitolea" linapoanza kuyumba. Mgeni anayekuja Kawangware kupitia mashirika ya safari za hisani hulipa ili ajitolee. Hununua tiketi, hulipia malazi, na mara nyingi hulipia hata ile nafasi ya kufanya kazi. Kijana wa Kawangware anayekwenda Ujerumani hujitolea ili alipwe, ijapokuwa kidogo, na zaidi ya hapo apate mlango wa kuingilia. Wengi hulenga kusajiliwa baada ya mwaka huo katika mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu, kisha wapate ajira. Serikali zote mbili zinalifahamu hilo. Mnamo Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamaji na ajira, Rais William Ruto na Chansela Olaf Scholz wakishuhudia.

Si haki kuwalaumu vijana hao. Swali linalostahili kuulizwa ni lingine: je, mzee wa Kibera huoshwa na nani?

Historia ya watu wa kujitolea kutoka nje haimpi jibu la kumfariji. Shirika la VSO la Uingereza lilianzishwa 1958, nalo Peace Corps la Marekani 1961. Walimu na mafundi wao walifika Kenya katika miaka ya kwanza ya uhuru, hadi Peace Corps iliposimamisha shughuli zake nchini 2014 kwa sababu za usalama. Mwaka 2008 serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango wake wa weltwärts wa kuwatuma vijana katika nchi zinazoendelea. Mkondo mkubwa wa wageni hao, hasa wale wa muda mfupi, umeelekea kwa watoto. Mtoto huimba, hucheka, hukumbatia, na picha yake huchangisha fedha. Ajuza anayelala kwenye kitanda cha kamba akiugua magoti hachangishi kitu. Mkondo huo ulizaa makao mengi ya watoto kiasi kwamba 2017 serikali ilipiga marufuku usajili wa makao mapya, na 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia.

Nyumba za wazee hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Zinazojulikana Nairobi ni chache na nyingi zinatokana na kanisa: Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inayoendeshwa na masista wa shirika lililoanzishwa na Jeanne Jugan nchini Ufaransa mwaka 1839, na makao ya Cheshire mtaani Kariobangi. Pia kuna Mji wa Huruma, ulio chini ya serikali ya jiji. Mgeni anayetaka kweli kuwahudumia wazee atapata kazi ya kutosha humo, na aghalabu ni kazi isiyo na mbwembwe: kufua, kukata kucha, kuketi na mtu anayesimulia jambo lile lile kwa mara ya kumi. Lakini aliyesalia Kibera au Kawangware hayumo katika nyumba hizo. Kwa Wakenya wengi, kumpeleka mzazi katika makao ni aibu ya ukoo mzima.

Aidha, wazee wa mitaa hii miwili hawafanani. Kawangware, sehemu ya Dagoretti iliyokuwa katika hifadhi ya Waafrika enzi za ukoloni, ina wakongwe wenye ploti na vyumba vya kupangisha. Taabu ya baadhi yao ni watoto wanaogombea urithi kabla ya mazishi. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi waliotumikia jeshi la Mwingereza. Wazee wa Makina hawana kijiji kingine cha kurudi, na ni 2017 tu ndipo jamii yao ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Wengine ni wajane waliopokonywa shamba mashambani. Kuna pia nyanya walioachiwa wajukuu wakati wa janga la Ukimwi, ambalo serikali ilitangaza kuwa maafa ya kitaifa 1999. Wengi wa wajukuu hao leo ni watu wazima, na baadhi yao ndio hao wanaojifunza Kijerumani.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji ufaao kutoka kwa familia na serikali. Kwa upande wa serikali, utunzaji huo umekuwa hasa Sh2,000 kwa mwezi chini ya mpango wa Inua Jamii, uliopanuliwa 2018 kuwafikia waliotimiza umri wa miaka 70. Fedha hizo husaidia, zinapofika. Hazimwinui mtu kitandani.

Wanaobisha hodi kwa kweli ni akina mama wa mtaa. Kwa miaka mingi waliitwa wahudumu wa afya wa kujitolea na walifanya kazi bila malipo ya hakika. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii nchini kote, wakapewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mama huyo hupima shinikizo la damu la mzee, huuliza kama amemeza dawa, kisha huenda nyumba ya pili. Ana kaya nyingi mno za kutembelea kumwezesha kubaki hapo kumwogesha mtu.

Kazi aliyoiacha nusu ndiyo kijana anayofundishwa Ujerumani: kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumlisha asikabwe na chakula, kumsemesha aliyepotewa na kumbukumbu. Ujuzi huo ungeweza kurudi Nairobi, lakini mpaka sasa anayerudi nao hukuta hakuna anayemsubiri kumwajiri, isipokuwa familia zenye uwezo za Lavington na Kileleshwa, kule ambako mama zao wamekuwa wakienda kwa miguu alfajiri kufua na kupika.

Mzee anayesajiliwa katika Inua Jamii hutakiwa kumtaja mlezi, yaani mtu wa kumchukulia fedha asipojiweza. Mwenye bahati ya mjukuu aliyesoma humtaja mjukuu huyo. Mjukuu akishasafiri, jina hubaki kwenye fomu, na nyanya hulazimika kutafuta mtu wa kumshika mkono hadi ofisi ya chifu ili jina libadilishwe.