Kabla ya bangi, kidonge

Na Somoe Hamisi

Siku hizi hapa Chikongola, Mtwara, hata wanaoichukia bangi wanaisifu. Kuna video zinazunguka kwenye simu: mzungu mwenye ugonjwa wa Parkinson anatetemeka mwili mzima, anadondoshewa matone ya bangi mdomoni, anatulia. Vijana wanauliza kwa nini babu naye asitafutiwe.

Mtazameni kwanza babu mwenyewe, pale barazani kwenye bao. Mkono uliolala pajani hautulii, gumba na kidole cha shahada vinasuguana kama anavuta tasbihi. Akiunyoosha kuchota kete, unatulia. Watazamaji wanacheka: mzee anajifanya! Hajifanyi. Mtetemo wa Parkinson huzidi mkono ukipumzika, hupungua ukishika kazi. Hatua zake zimefupika, sauti imezama, uso umekauka. Nyumbani wanasema uzee, au wanamtaja jirani kwa uchawi.

Katikati ya miaka ya 2000 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Na Hai ni jirani wa hospitali kubwa ya KCMC! Sisi wa huku Kusini je?

Ndiyo maana naona mjadala wa bangi umeruka hatua. Ugonjwa huu unaua taratibu chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini. Levodopa, dawa iliyopo tangu miaka ya 1960, ikifika ubongoni hugeuka dopamini. Haiponyi, lakini mtu hufunga vifungo vyake mwenyewe. Bangi haifanyi hivyo. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2004 liliwapa wagonjwa 19 dondoo la bangi. Mwili kujinyonganyonga, balaa linaloletwa na levodopa ya muda mrefu, hakukupungua. Wapo wanaosema bangi inawapa usingizi, siwabishii. Ila bangi hushusha presha mtu akisimama, na mgonjwa wa Parkinson ni mwepesi wa kuanguka hata bila hiyo. Msokoto hauna kipimo, na sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haimwachii mtu kwa kuwa anaumwa.

(Levodopa yenyewe imo hata kwenye mbegu za upupu, huu huu unaotuwasha porini. Msichemshe: nao hauna kipimo.)

Mpelekeni babu hospitali ya Ligula, mkamweleze daktari ni mkono upi ulianza. Na diwani wetu akatuulizie: levodopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwenye rafu za Mtwara imo, na kwa bei gani?