Miaka 60 ya Benki Kuu: Heko kwa mlinzi wa ahadi

Juni 14 mwaka huu Benki Kuu ya Tanzania inatimiza miaka 60 tangu ilipofunguliwa rasmi na Mwalimu Julius Nyerere. Katika yubilei hii ya almasi zitatolewa hotuba nyingi kuhusu noti na sarafu, mfumuko wa bei na akiba ya fedha za kigeni, na yote hayo yanastahili kusemwa. Ipo hata hivyo kazi moja ya Benki Kuu isiyosikika sana mitaani, nasi tunaiona kuwa kubwa kuliko zote kwa taifa linalotaka kujijenga kwa akiba ya watu wake: kusimamia namna Serikali inavyokopa kwa wananchi, na kuhakikisha kuwa kila aliyekopesha analipwa alichoahidiwa, siku aliyoahidiwa.

Ugumu wa kazi hiyo unatokana na nguvu za mkopaji mwenyewe. Mfanyabiashara akikopa, sheria iko juu yake; akishindwa kulipa, kuna mahakama na kuna dalali wa mnada. Serikali ikikopa, mkopaji huyo ndiye anayepeleka miswada bungeni, ndiye anayepanga kodi, na ndiye mwenye noti. Anaweza kubadili masharti katikati ya safari. Anaweza hata kulipa deni lote kwa fedha mpya ambazo hazinunui tena kile zilichonunua zilipokopwa. Mwalimu mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake katika hatifungani za Serikali hana ubavu wa kushindana na mkopaji wa namna hiyo. Kinga yake ni taasisi iliyowekewa sheria, yenye daftari safi na ujasiri wa kuiambia Hazina kwamba mwisho ni hapa.

Tanzania haikuzaliwa na taasisi hiyo. Tangu mwaka 1919 fedha ya Afrika Mashariki ilisimamiwa na Bodi ya Sarafu iliyokuwa na makao London hadi ilipohamishiwa Nairobi mwaka 1960. Bodi ile ilitoa sarafu kwa kufuata akiba ya pauni za Uingereza, na haikuwa na mamlaka ya kusimamia mabenki wala ya kujenga soko la mikopo ya ndani. Mwaka 1966 nchi tatu jirani zikafungua benki kuu zao ndani ya miezi minne: Tanzania Juni, Uganda Agosti na Kenya Septemba. Gavana wetu wa kwanza, Edwin Mtei, alipewa taasisi changa katika nchi changa, na miezi minane baadaye Azimio la Arusha likayataifisha mabenki yote.

Miaka iliyofuata ilitufundisha kwa machungu. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaja, na mashirika mengi ya umma yakawa yanakula kuliko yanavyozalisha. Pengo la bajeti lilizibwa kwa kukopa Benki Kuu yenyewe na kwa kuyabebesha mabenki ya umma dhamana za Serikali ambazo riba yake ilipangwa mezani. Hapakuwa na soko wala mnunuzi mwenye hiari ya kukataa. Hesabu ililetwa kwa njia nyingine: katika miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulifika asilimia 30 kwa mwaka na kuzidi. Mama lishe na mkulima wa pamba, ambao hawakuwahi kuulizwa kama wanataka kuikopesha Serikali, waliikopesha kila siku kwa thamani ya shilingi iliyoyeyuka mifukoni mwao.

Ndiyo maana tunauhesabu mwaka 1993 kuwa mwaka wa kuzaliwa upya. Agosti mwaka huo Benki Kuu, kwa niaba ya Serikali, ilianza kuuza dhamana za muda mfupi kwa mnada. Kwa mara ya kwanza riba ya mkopo wa Serikali ilitokana na zabuni za wanunuzi. Wasomaji wetu wa Mtwara na Lindi wataielewa haraka, kwa kuwa inafanana na mnada wa korosho za ghalani waliouzoea kwa miaka mingi: zabuni ziliwekwa zimefungwa, zikafunguliwa kwa pamoja, zikapangwa kuanzia bei ya juu kushuka, na mzigo ukaenda kwa walioweka bei nzuri. Katika mnada wa hatifungani, ambazo ni dhamana za muda mrefu, kila mnunuzi husema atalipa shilingi ngapi kwa kila shilingi 100 za deni, na matokeo hutangazwa hadharani. Serikali ikitaka mno fedha, au watu wakianza kuitilia shaka, bei hushuka na riba halisi hupanda. Taarifa hiyo humfikia Waziri wa Fedha ikiwa na uzito zaidi kuliko hotuba yoyote ya upinzani.

Sheria nazo zilifuata mkondo huo. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 1995 iliweka utulivu wa bei kuwa lengo kuu la Benki, na ile ya mwaka 2006 ikaimarisha uhuru wake wa kazi na kuweka ukomo wa kiasi ambacho Serikali inaweza kuchota kwake kama mkopo wa muda. Sheria kongwe zaidi, ile ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya mwaka 1974, inampa Waziri wa Fedha peke yake mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali, ili kila wizara isijikopee kivyake. Mwaka 1994 Bunge lilianzisha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ambayo huwapa madalali leseni na kuukagua waraka wa matarajio kabla kampuni haijaomba fedha kwa umma. Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara Aprili 1998, na leo hatifungani za Serikali zinauzwa na kununuliwa humo.

Kila chombo kati ya hivyo kina zamu yake: Hazina huamua kiasi cha kukopa ndani ya bajeti iliyopitishwa na Bunge, Benki Kuu huendesha mnada na kutunza daftari, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hulinda uuzaji unaofuata. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la wenye hatifungani, ambalo siku hizi ni la kielektroniki, ndilo linalomwezesha mjane wa Singida kulipwa riba mara mbili kwa mwaka sawasawa na benki kubwa ya Dar es Salaam.

Thamani ya kazi hii ilionekana wazi mwaka 2022. Mwaka mmoja kabla, Serikali ilikuwa imetoa kwa mara ya kwanza hatifungani ya miaka 25, kwa riba ya asilimia 15.95. Mtu aliyenunua ya shilingi milioni 10 aliahidiwa shilingi 1,595,000 kila mwaka, yaani 797,500 kila baada ya miezi sita. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za muda huo ilishushwa hadi asilimia 12.56, na mnunuzi mpya wa milioni 10 akapata 1,256,000 kwa mwaka. Waliotarajia riba kubwa walinung'unika. Waliokwisha kununua kwa asilimia 15.95, hata hivyo, waliendelea kulipwa asilimia 15.95. Ahadi ya zamani haikuguswa kwa kuwa mkopo mpya umekuwa nafuu. Anayedhani hilo ni jambo dogo aitazame Ghana. Huko, Serikali ilipoelemewa na madeni mwishoni mwa mwaka 2022, iliwataka wenye hatifungani za ndani wazibadilishe kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi, na mapema mwaka 2023 wazee wastaafu wakaonekana nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra, wamebeba mabango. Zambia nayo mwaka 2020 ilishindwa kulipa riba ya hatifungani yake ya nje. Nchi hizo zina watu makini na sheria nzuri. Kilichozielemea ni deni lililokua hadi likaizidi nguvu ahadi.

Pongezi zetu zingepungua uzito kama tungeuruka ukurasa mchungu. Katika mwaka wa fedha wa 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22 kutoka Akaunti ya Malipo ya Madeni ya Nje, EPA, iliyokuwa chini ya Benki Kuu. Akaunti hiyo ilitokana na waagizaji wa miaka ya uhaba wa fedha za kigeni: walilipa shilingi benki, lakini wauzaji wa nje hawakulipwa kwa kuwa dola hazikuwepo. Madeni halali ya watu wa zamani yakageuzwa mwanya wa wajanja. Ukaguzi ulipotoka, Gavana aliondolewa kazini Januari 2008. Tunalitaja hili kwa sababu lina somo linalohusu yubilei hii moja kwa moja: mlinzi wa daftari naye anahitaji kukaguliwa, na deni lolote linalokaa gizani huvutia wezi. Nguvu ya mnada wa leo ni kwamba unafanyika mchana kweupe.

Tunafurahi pia kuona hatifungani zikitoka mikononi mwa Serikali Kuu na kufika kwenye mahitaji ya watu. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, ili kupanua huduma ya maji. Miaka miwili kabla yake, Benki ya NMB iliomba shilingi bilioni 25 kwa hatifungani yake ya Jasiri na kupata zaidi ya bilioni 74. Watanzania wana akiba, na wako tayari kuitoa. Wanachotaka ni kujua nani anasimamia. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2009, upatu wa DECI ulipovunjika na kuacha maelfu wakilia. Tofauti kati ya upatu na hatifungani ni waraka uliokaguliwa, mdhibiti anayeweza kushtakiwa, na chanzo cha malipo kinachojulikana.

Kwa heshima ya miaka hii 60, tunaiomba Benki Kuu na wenzake mambo manne.

Kwanza, lugha. Kima cha chini cha kununua hatifungani ya Serikali ni shilingi milioni moja, kiasi ambacho fundi, muuguzi au mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kukikusanya. Lakini nyaraka nyingi za minada na za hatifungani za kampuni bado ni za Kiingereza. Mkataba wa miaka 25 kati ya raia na Serikali yake unapaswa kusomeka kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya hasara inayoweza kumpata, kwa mfano akilazimika kuuza kabla ya muda wakati riba sokoni zimepanda.

Pili, soko la upili. Mabenki na mifuko ya hifadhi ya jamii ndiyo yenye sehemu kubwa ya deni la ndani, na mingi hununua hatifungani na kukaa nazo hadi ziive. Mwananchi mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kusubiri mwaka 2046, hatifungani ya kwanza ya miaka 25 itakapoiva. Anahitaji dalali wa kumpata mnunuzi haraka na bei anayoweza kuihakiki mwenyewe kwa simu yake. Uwazi wa mnada wa kwanza ushuke hadi kwenye mauzo ya pili.

Tatu, kiasi. Benki inayopata riba nzuri kwa kuikopesha Serikali bila hofu ina sababu ndogo ya kumtafuta mkulima wa alizeti wa Kongwa. Kila bilioni inayokopwa mnadani ina mwenzake aliyeikosa. Bunge linapoipitisha bajeti liulize, kwa kila mkopo wa ndani, umejenga nini na nani ataulipa. Kukopa harusi, kulipa matanga: msemo huu ungepaswa kusomwa kila Juni kabla ya kura kupigwa.

Nne, mpaka kati ya Hazina na Benki Kuu. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza sera yake kwa Riba ya Benki Kuu, iliyoanza na asilimia 5.5, na mfumuko wa bei umeendelea kutulia. Utulivu huo hauna maana kama siku moja Serikali yenye haraka italegeza ukomo wa kuchota Benki Kuu kila bajeti inapobana. Uchaguzi utakuja, ukame utakuja, bei za mafuta zitapanda tena. Ukomo uliwekwa kwa ajili ya siku kama hizo.

Dawa ya deni kulipa, na nchi hulipa vizuri pale inapokopa kwa utaratibu unaomfunga hata mwenye nchi. Magavana wanane, kuanzia Mtei mwenyewe, wamepita katika kiti cha ugavana, wengine kwa sifa na mmoja kwa kuondolewa, na bado mnada unafanyika, daftari linasomeka, na riba inalipwa kwa tarehe. Hilo ni jengo kubwa kuliko minara pacha ya Benki Kuu iliyoko Dar es Salaam. Tunawapongeza wote waliolijenga, kuanzia magavana hadi makarani waliotunza vitabu vya hesabu kabla ya kompyuta, na tunaitaka Serikali iliyopo na zitakazofuata ziendelee kukubali kuambiwa hapana na Benki Kuu. Hongera, Benki Kuu, kwa miaka 60.