Samweli Aliogopa Kusema



Ndugu msomaji, habari ya Samweli unaijua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Mtoto amelala hekaluni Shilo, anasikia akiitwa, anamkimbilia mzee Eli mara tatu, na mara ya nne anamwitikia Mungu. Dominika ya pili ya Mwaka B tunaisoma kanisani. Somo hufika pale anapoitika, kisha huruka hadi kukua kwake. Aliyoambiwa usiku ule hatuyasikii. Leo jioni fungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya tatu, uyasome mwenyewe.

Ujumbe ulikuwa mzito. Wana wa Eli, nao ni makuhani, waliwadhulumu watu waliokuja kutoa sadaka, na wakalala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Eli alikuwa ameambiwa. Aliwakemea kwa maneno, kisha akawaacha katika kazi ileile. Kwa hilo Mungu alimhukumu. Aliyebebeshwa habari hiyo ni mtoto. Asubuhi Samweli akafungua milango kama kawaida, lakini aliogopa kusema.

Watoto wetu wako walioamka hivyo mwaka huu. Wamevaa sare, wamebeba madaftari, na wameogopa kusema.

Nami niliwahi kuwa Eli. Nilipokuwa paroko kijana, mama mmoja alinisubiri baada ya Misa ya asubuhi. Binti yake alikuwa akilia kila jioni ya kwenda tuisheni nyumbani kwa mwalimu wake, katika shule niliyokuwa naisimamia. Nilimjibu, "Mama, tusiharakishe. Mwalimu huyu anaheshimika." Nikamwita mwalimu faraghani, akakana, nami nikaridhika. Muhula ulipokwisha aliomba kuhama, nikamwandikia barua nzuri. Baadaye yule mama aliniambia neno moja tu: "Baba, mwanangu huniuliza kwa nini Padre hakumwamini." Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Wala sijui barua ile ilimfungulia mlango wa darasa gani.

Nilidhani nalinda jina la shule. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Utafiti wa kitaifa uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wengi wao hawakumwambia mtu. Hao wanakaa pamoja nasi kwenye mabenchi ya kanisa.

Utaniuliza, "Je, mwalimu akisingiziwa?" Swali ni la haki, na ndiyo sababu kuchunguza si kazi ya paroko, mkuu wa shule wala kikao cha ukoo. Polisi wana dawati la jinsia na watoto, na halmashauri ina ofisa ustawi wa jamii. Mwalimu akikaa kando wakati wao wanachunguza, hajahukumiwa. Lakini mtoto akirudishwa mbele ya mtu anayemwogopa, yeye ndiye aliyehukumiwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Nasi makleri na watawa, Papa Fransisko alitufunga mwaka 2019 kwa barua yake Vos estis lux mundi: tutoe taarifa mtuhumiwa akiwa ni mwenzetu. Kwa hiyo usipokee fedha wala mbuzi ili jambo limalizwe nyumbani. Piga namba 116, ni bure.

Wewe uliye katika kamati ya shule, uliza kwenye kikao kijacho: tuisheni inafanyika wapi, na nani mwingine yupo? Usiku nani anaingia bwenini? Mtoto akiumizwa na mwalimu au mlezi wake, anajua aende kwa nani? Wasipokuwa na jibu, usiondoke na muhtasari uliosainiwa tu.

Eli alikosea mengi, lakini asubuhi ile alifanya jambo moja jema. Alimwita Samweli "mwanangu", akamsihi asimfiche neno lolote, ingawa alihisi habari inaihusu nyumba yake mwenyewe. Ndipo mtoto akasema yote.

Leo baada ya chakula, zima televisheni, ukae karibu na mwanao. Mwambie kwamba hakuna mtu mkubwa kiasi cha kutosemwa: si mwalimu, si mjomba, si Padre. Akianza kusema, usimkatize. Akimaliza, mwambie unamwamini, na kesho asubuhi uende naye kunakohusika.

Nawatakia Dominika njema.